Digrii ya onlaini ukiwa nje: kagua chuo kwanza, ndo udai krediti za kazi uliyofanya Mwanza

Ndugu zangu wa Mwanza mlioko Marekani, Uingereza na kwingineko, wengi mnataka kumalizia digrii onlaini huku mnapiga shifti, ni jambo zuri sana ila tafadhali hela isitoke kabla hujakikagua chuo. Tovuti kali na picha za mahafali sio ushahidi, mwaka 2015 kampuni ya Axact ya Karachi iliumbuliwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo hewa. Kwa Marekani ingia kwenye orodha ya Wizara ya Elimu au ya CHEA (baraza la Marekani linalotambua vyombo vya ithibati), tafuta jina la chuo na pia jina la hao wanaodaiwa kukipa ithibati, maana matapeli wana vyombo vyao vya ithibati vya kujitungia. Na kama unawaza kurudi kuomba kazi Bugando au halmashauri, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla hujalipa.

Sasa krediti za uzoefu, yaani alama za masomo unazohesabiwa kwenye digrii kwa ulichojifunza kazini, hapa ndo watu wanaliwa. Chuo cha kweli hakikupi digrii nzima kwa CV ndani ya wiki, kinakupima, ama kwa mtihani kama CLEP (mtihani wa Marekani wa kupata krediti bila kusoma somo darasani) ama kwa potfolio, yaani faili la maelezo na ushahidi wa unachokijua. Tuseme ulikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, usiandike "nilikuwa msimamizi miaka sita" ukaishia hapo, eleza unachokijua: samaki akipokelewa mnaangalia nini, joto la chumba cha baridi mlilirekodi vipi, HACCP (mfumo wa kudhibiti hatari kwenye chakula) mliifuata vipi, mzigo ukikataliwa unafanyaje, afu uoanishe na somo lililopo kwenye katalogi yao, mfano usalama wa chakula. Miaka peke yake hailipi, yaani wanachotaka ni ulichojifunza.

Ushahidi ni barua ya mwajiri yenye mhuri, cheti cha VETA, vyeti vya semina za kazini. Kama vimebaki Igoma mwambie mdogo wako akaviskani sasa hivi, mabosi wanahama na viwanda vinafungwa.

Hata Kiswahili chako ni mali, ACTFL (shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha) wana mtihani wa kuzungumza Kiswahili na kuna vyuo vinautolea krediti.

Vyuo vingi vinataka angalau robo ya digrii uisome kwao, kwahiyo omba wakuandikie kwa imeili ukomo wao kabla ya kujisajili, na uulize ada ya kutathmini potfolio, maana mara nyingi unailipa hata wakikunyima krediti.