Kujenga upya vifurushi baada ya kompaila kupanda toleo (Gentoo)

Gentoo ni Linux ambayo hujenga programu zake kutoka msimbo chanzo kwa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Kompaila mpya ikiingia, programu zilizokwisha jengwa haziharibiki papo hapo. Zilizoandikwa kwa lugha ya C kwa kawaida hazina haraka. Wasiwasi uko kwenye C++. GCC (kompaila inayozungumziwa hapa) toleo la 5 la mwaka 2015 ilibadilisha muundo wa std::string na std::list, na programu mpya zikagoma kuungana na maktaba za zamani. Ukikutana na kosa lenye `__cxx11` ndani yake, anza kwa kujenga upya maktaba inayohusika.

1. Chagua kompaila mpya kwa namba yake kwenye orodha:

`gcc-config -l`
`gcc-config 2`
`source /etc/profile`

Ya zamani iache kwanza, utaihitaji mambo yakikwama.

2. Kwa `emerge`, amri ya Gentoo ya kujenga vifurushi, jenga libtool (zana ya kujengea maktaba) mapema, kwa sababu huhifadhi njia za faili za kompaila iliyoijenga:

`emerge --oneshot libtool`

3. Kama muundo wa C++ umebadilika, jenga upya vifurushi vinavyotegemea libstdc++ (maktaba ya kawaida ya C++) tu:

`revdep-rebuild --library 'libstdc++.so.6' -- --exclude gcc`

Kujenga mfumo mzima kwa `emerge -e --keep-going @world` kunawezekana, ila kunakula muda mwingi na mara nyingi hakuna ulazima.

4. Hapa ndipo kazi ilipo. Kifurushi kikigoma, fungua build.log (kumbukumbu ya ujenzi wake) utafute kosa la kwanza, si la mwisho. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu. "multiple definition" mara nyingi hutokana na GCC 10, iliyoanza kutumia `-fno-common` (haikubali tena kigeu kimoja cha jumla kifafanuliwe kwenye faili zaidi ya moja). "implicit declaration of function" lilikuwa onyo tu. Tangu GCC 14 ni kosa kamili. Tafadhali usilizime kwa `-Wno-error=implicit-function-declaration` ukaendelea. Kompaila isiyoijua fankisheni hudhani inarudisha int (namba kamili) ya biti 32. Ikiwa kweli inarudisha pointa (anwani ya kumbukumbu) ya biti 64, nusu ya anwani inapotea na programu inaanguka ikiwa tayari mikononi mwa mtumiaji. Dawa ni kuongeza `#include` inayokosekana, halafu tuma kiraka kwa wenye programu ili wengine wasihangaike.

GCC 15 nayo husoma C kwa kanuni za C23 (toleo jipya la lugha ya C), ambapo `int f()` maana yake ni fankisheni isiyopokea chochote. Msimbo wa zamani ukigomea hapo, `-std=gnu17` kwenye CFLAGS (vigezo vinavyopewa kompaila) za kifurushi hicho peke yake inatosha kwa muda.

5. Vyote vikishajengeka na kufunguka sawasawa, ondoa ya zamani:

`emerge --ask --depclean gcc`