Gofu ya pointi mjini Tabora: kanuni za The International, shindano lililofutwa

Kuanzia 1986 hadi 2006 wachezaji wa kulipwa walikutana kila mwaka Castle Pines, jimbo la Colorado nchini Marekani, kugombea taji la The International. Mwanzilishi wake alikuwa Jack Vickers, na uwanja ulichorwa na Jack Nicklaus. Kilicholitofautisha na mashindano mengine ya PGA Tour (msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani) ni kwamba hakuna aliyejali jumla ya mikwaju, yaani mapigo ya mpira. Walihesabu pointi kwa kulinganisha na pa, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kumaliza nayo shimo, hivi:

Albatrosi (mikwaju 3 chini ya pa): +8
Igo (mikwaju 2 chini): +5
Bedi (mkwaju 1 chini): +2
Pa: 0
Bogi (mkwaju 1 juu): -1
Mikwaju 2 juu au zaidi: -3

Kanuni hii inafaa sana kwa kundi dogo linalotaka kucheza gofu kwenye uwanja wa wazi Tabora, lakini usiichukue nzima kama ilivyo. Kwanza ielewe inavyofanya kazi.

Chukua wachezaji watatu wa mashimo 9. Wa kwanza kapiga pa zote tisa: pointi 0. Wa pili kapata bedi 4, bogi 4 na pa 1. Kwa mikwaju wako sawa kabisa, ila kwa pointi huyu ana 8 kutoa 4, yaani 4, na amemwacha mwenzake mbali. Wa tatu kapata igo 1, mashimo 2 kayamaliza kwa mikwaju 2 juu ya pa, sita zilizobaki ni pa. Ana 5 kutoa 6, yaani -1. Kwa hiyo kanuni inamlipa anayethubutu, lakini anayethubutu hovyo anaumia. Kwenye The International ya mwaka 2002 Steve Lowery aliingiza mpira kwa albatrosi kwenye shimo la 17 siku ya mwisho, akaokota pointi 8 kwa mpigo mmoja, na bado Rich Beem akatwaa taji kwa pointi 44 dhidi ya 43. Kwa kuhesabu mikwaju, fainali ya namna hiyo ni adimu.

Sasa uwanja. Eneo la uwanja wa mpira pamoja na pembezoni zake linatosha, mradi upande mmoja unafika mita 160 za shimo refu na umepata ruhusa ya mwenye eneo, iwe shule au ofisi ya kata. Tengeneza grini 3 (maeneo laini yenye shimo la kuingizia mpira), na kila grini ichezwe kutoka tii 3 tofauti (sehemu za kupigia mkwaju wa kwanza): hapo una mashimo 9. Njia za mipira zitapishana, kwa hiyo ruhusu vikundi vitatu tu uwanjani kwa wakati mmoja, na kikundi kisihamie shimo lingine mpaka vyote vimalize. Mpira wa gofu ukimpata mtu kichwani si mchezo. Watoto wanaokatiza kwenda kisimani wawekewe mtu wa kuwasimamisha.

Kosa la kawaida ni kufanya mashimo yote yawe pa 3 kwa sababu nafasi ni ndogo. Ukifanya hivyo umeiua kanuni: kwenye pa 3 albatrosi haiwezekani kabisa, na igo maana yake ni kuingiza mpira kwa mkwaju wa kwanza. Watu watabaki wanahangaika kati ya 0 na -3. Weka angalau mashimo mawili ya pa 4 yenye mita 160 hadi 180, ambayo mpigaji mzuri anaweza kuyafikia kwa mkwaju mmoja, kisha mwekee kikwazo mbele ya grini. Mwembe mkubwa, na Tabora haikosi miembe, unafanya kazi hiyo vizuri kuliko shimo la mchanga. Yaliyobaki yawe pa 3 za mita 60 hadi 100. Mpira uliokwama kwenye mizizi usogezwe urefu wa fimbo moja bila adhabu, la sivyo utavunja fimbo na vifundo vya mikono ya watu.

Kipindi cha Juni hadi Oktoba ardhi inakuwa ngumu na mpira unabiringika mbali baada ya kutua. Mji pia uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpira uliopigwa sawasawa unakwenda asilimia 4 au 5 zaidi kuliko Dar es Salaam. Ukipima urefu wa mashimo kwa mazoea ya pwani, utashangaa mipira inavuka grini.

Kuotesha nyasi za grini kiangazi ni kujitafutia gharama ya maji. Tumia mchanga. Duara la upana wa mita 7, mchanga wa sentimita 4, linahitaji kama mita 1.5 za ujazo, yaani toroli 25 hivi. Uchekeche kwa chekecheke ya mafundi ujenzi, unyunyizie maji asubuhi, kisha uvute gunia lililofungwa kwenye mti kuanzia katikati kwenda nje. Zamani viwanja vingi vya mchanga vilimwagiwa oili chafu ili mchanga ushikane. Achana nayo, inazama ardhini na visima viko karibu. Kila kikundi kikimaliza kivute gunia tena, maana nyayo ndizo zinazopotosha mpira, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Shimo lenyewe kikanuni ni milimita 108 kwa upana na kina kisichopungua milimita 102. Kipande cha bomba la PVC la inchi 4 (nje milimita 110) kinakaribia vya kutosha. Kizamishe milimita 25 chini ya uso wa mchanga, ukingo wake usigonge mpira ukaurusha nje.

Tukirudi kwenye pointi: kanuni ya Castle Pines iliandikwa kwa watu wanaopata bedi kila siku. Bingwa wa mwaka 2000, Ernie Els, alimaliza na pointi 48. Mpe mgeni wa mchezo kanuni hiyohiyo, atakwenda nyumbani na -27 kwa mashimo 9 na hutamwona tena. Kwa wanaoanza tumia kanuni ya asili ya daktari Frank Stableford, aliyeijaribu Wales mwaka 1898, ikaenea baada ya kuchezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932: bogi 1, pa 2, bedi 3, igo 4, na mikwaju 2 juu ya pa au zaidi ni 0. Hakuna hasi. Wazoefu wacheze ile ya +5 na -3, wapewe taji lao tofauti. Kuchanganya makundi haya mawili kwenye orodha moja ni kutafuta lawama.

Faida ya kanuni zote mbili ni kuokoa muda. Ukishafika mikwaju 2 juu ya pa bila kuingiza, okota mpira, tia mfukoni, nenda shimo linalofuata. Pointi zako hazitabadilika tena. Mwambie kila mtu hili kabla ya kuanza, vinginevyo mmoja atahesabu mikwaju 11 kwenye pa 3 huku wengine wanasubiri juani.

Kwenye kadi andika mikwaju tu uwanjani. Pointi zipigwe mezani na mtu mmoja, akiweka hasi kwenye safu yake, kwa sababu alama ya kutoa iliyoandikwa kwa penseli hupotea na -3 inageuka 3. Mwenzako aandike kadi yako, wewe uandike yake, wote mtie saini.

The International ilifutwa Februari 2007. Haikuwa na mdhamini mkuu, na nyota wa gofu Tiger Woods hakucheza tena baada ya 1999. Kanuni yake ilirudi PGA Tour mwaka 2012, kwenye shindano la Reno, jimbo la Nevada. Fainali ya mwisho ya The International, mwaka 2006, ilikwenda mashimo ya ziada, Dean Wilson akamshinda Tom Lehman kwenye shimo la pili. Nanyi mkilingana, rudieni pa 4 yenye mwembe, shimo kwa shimo, mpaka mmoja apate pointi zaidi. Anzeni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jua la Tabora linazama karibu saa moja kasorobo, na mpira mweupe kwenye mchanga hauonekani gizani.