Namna ya kulifahamu na kulitafsiri neno la Kiingereza "shoot" katika habari za mimea

Wengi wetu hukutana na neno "shoot" kwanza katika habari za bunduki na za kandanda, ambako limetuzalia hata neno letu la "shuti", na baadaye tunapolikuta katika maandishi ya kilimo tunababaika. Kitenzi hicho tangu zamani kina maana ya kwenda kwa kasi au kukirusha kitu kwa kasi, na sehemu changa ya mmea ilipata jina hilo kwa kuwa huchomoza upesi. Ukiishika maana hiyo ya kasi, risasi, mpira na jani jipya vitaonekana kuwa ndugu wa ukoo mmoja.

Jambo la kwanza ni kutazama kama neno limetumika kama nomino au kitenzi. Nomino huchukua wingi wa kawaida, "shoots", ilhali kitenzi hubadilika na kuwa "shot" katika wakati uliopita. Mwingereza akisema kwamba mahindi "shot up" baada ya mvua, tafsiri yake ni kwamba mahindi yalirefuka kwa ghafla, na mtoto aliyerefuka ndani ya mwaka mmoja husemwa vivyo hivyo. Hata hivyo, maneno hayohayo mawili hutumika pia kwa mtu anayejidunga dawa za kulevya, kwa hiyo usiyatumie kabla ya kuitazama sentensi nzima.

Nomino ndiyo yenye kazi kubwa. Kamusi nyingi zitakupa "chipukizi", na jibu hilo ni sahihi mara nyingi, lakini si kila mara. Katika sayansi ya mimea, "shoot" ni sehemu yote ya mmea isiyo mzizi, yaani shina pamoja na matawi, majani, matumba na maua yake, hata kama mmea huo ni mzee. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma kwamba mtafiti alipima uzito wa "root" na wa "shoot" asidhani kuwa yaliyopimwa ni machipukizi tu. Aandike "sehemu ya juu ya ardhi". Kosa hili ni la kawaida sana, nami naliona kuwa baya kuliko mengine, kwa kuwa sentensi hubaki na sura nzuri huku maana imepotea.

Katika maandishi ya shambani na jikoni, ni heri kutafuta jina ambalo watu wenyewe wanalo kuliko kung'ang'ania neno moja. Kinachochumwa kwenye chai ni majani mawili na tumba lake. "Shoots" za muhogo zinazotwangwa na kupikwa ni kisamvu, na za viazi vitamu ni matembele. Ukiandika "machipukizi ya muhogo" katika maelezo ya mapishi, msomaji wa Tanga atakucheka. Kwa mianzi, neno chipukizi linafaa kabisa, na wakazi wa Iringa na Njombe wanalijua vizuri, kwani ncha ya chipukizi la mwanzi ndiyo wanayoikata ili kukinga ulanzi, yaani pombe ya mianzi. Wadudu nao wana mtego wao: "shoot fly" ni nzi ambaye buu lake hushambulia moyo wa mche wa mtama hadi jani la katikati likanyauka, wala hahusiani na kupiga chochote.

Usilichanganye neno hili na jirani zake. "Seedling" ni mche uliotoka kwenye mbegu, "bud" ni tumba au jicho ambalo bado halijafunguka, na "sucker" ni chipukizi linalotoka chini ya shina, kama lile la mgomba. "Sprout" hukaribiana mno na "shoot", ila hupendelewa zaidi kwa mbegu iliyoanza kuota, mathalani choroko zilizolowekwa.

Liko pia tumizi la mafumbo. Mwaka 1991 Norman Lamont, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alizungumzia "green shoots" za majira ya kuchipua ya uchumi, na tangu hapo magazeti ya Kiingereza huutumia msemo huo kila uchumi unapoanza kupata nafuu. Kwa Kiswahili tuseme "dalili za kwanza za uchumi kuinuka". Mwaka huohuo, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianzisha na wanafunzi 12 wa Kitanzania mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots. Jina hilo, kwa kuwa ni la taasisi, huachwa lilivyo; lakini anayetaka kueleza maana yake atasema "mizizi na machipukizi", naye atakuwa amebahatika, kwa sababu Kiswahili nacho humwita kijana chipukizi. Akumbuke tu upatanisho: chipukizi la mmea limeota, bali mwanamuziki chipukizi ameibuka.