Namna ya kuendesha mlo wa mchango kwa ajili ya wasanii chipukizi

Mlo wa mchango ni utaratibu ambao watu hukaa pamoja kula chakula cha kawaida, kila mmoja akiwa ametoa kiingilio kilekile, wakawasikiliza wasanii wachache wakieleza kazi wanazotaka kuzifanya, wakapiga kura, na fedha zilizokusanywa zikamwendea mshindi jioni hiyohiyo. Huko Marekani, kikundi cha InCUBATE cha Chicago kilianzisha mlo wa namna hii, Sunday Soup, mwaka 2007. FEAST ya Brooklyn ikafuata mwaka 2009, na Detroit SOUP mwaka 2010. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kadi za michango ya harusi hahitaji kufundishwa kuchanga. Anachohitaji ni kanuni za kumfanya mchangaji awe pia mwamuzi, na kanuni hizo ziandikwe kabla shilingi ya kwanza haijaingia.

Hatua ya kwanza: pangeni kiingilio na ruhusa

Detroit walitoza dola 5 kwa supu, saladi na mkate. Chagueni kiasi ambacho mwanafunzi au fundi cherehani hatakiona kizito, kwa sababu ukumbi ukijaa wenye uwezo tu, uamuzi nao utakuwa wao. Tuchukulie kwamba kiingilio ni shilingi 10,000 na wamekuja watu 60: hapo mna 600,000, ambazo haziwezi kujenga studio lakini zinaweza kununua rangi na turubai au kulipia uchapaji wa picha za maonyesho madogo. Gharama ya chakula ni bora ibebwe na mwenye ukumbi au mfadhili mmoja; ikishindikana, tangazo liseme wazi kwamba 3,000 ni za mamalishe na 7,000 ni za msanii, ili kila mtu ajue mapema kwamba ruzuku itakuwa 420,000.

Kabla ya kutangaza, onaneni na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mwulize Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ni kibali gani kinachohusika na shughuli yenu.

Hatua ya pili: pokeeni maombi

Fomu isizidi ukurasa mmoja: unataka kufanya nini, wapi na lini, fedha utazitumiaje, na nani ataiona kazi hiyo. Pokeeni pia maelezo ya sauti kwa WhatsApp, kwani mchoraji hodari anaweza asiwe na mazoea ya kuandika maombi, na hatukukusudia kumtunuku mwandishi bora wa fomu. Neno «chipukizi» lipeni maana inayopimika, kwa mfano mtu ambaye hajawahi kufanya maonyesho yake binafsi, bila kuangalia umri. Kamati yenu ya maandalizi ichague wanne. Wajumbe wake na jamaa zao wasiombe.

Hatua ya tatu: simamieni muda

Detroit walitumia kanuni ya «nne nne»: wawasilishaji wanne, dakika nne kwa kila mmoja, maswali manne. Sijaona sababu ya kuibadilisha. Mawasilisho yatangulie chakula, na kura ifuate baada ya kula, kwa kuwa mjadala wenye manufaa hufanyika pale watu wasiofahamiana wanapopeana sahani na kuulizana maoni.

Hatua ya nne: pigeni kura

Hapa ndipo utaratibu mzima unaposimama au kuanguka, kwa sababu msanii mwenye ukoo mkubwa anaweza kujaza viti nusu ya ukumbi kwa shangazi na binamu zake, na wote wamelipa kiingilio halali. Kuwazuia ni ukatili, tena ni upotevu wa michango. Dawa ninayoipendelea ni kumpa kila mchangaji karatasi moja ya kuandika majina mawili tofauti, na karatasi yenye jina moja ihesabiwe kuwa imeharibika. Ndugu watampa wao kura ya kwanza, lakini ya pili ni lazima iende kwingine, na mara nyingi hiyo ndiyo inayoamua. Ni kweli kwamba mjanja anaweza kuitupa kura ya pili kwa msanii aliye dhaifu kuliko wote. Hata hivyo hasara hiyo ni ndogo kuliko kuipa kamati mamlaka ya kutengua matokeo, kwani siku kamati itakapoyatumia mamlaka hayo, watu hawatarudi.

Karatasi zitolewe mlangoni kwa waliolipa, na mlango wa kura ufungwe mwasilishaji wa kwanza anapoanza. Hesabu ifanyike mbele ya wote, kila msanii akiwa na wakala wake mezani. Kura zikilingana, fedha zigawanywe sawa kwa sawa.

Hatua ya tano: kabidhini fedha

Mhazini alinganishe idadi ya karatasi na kiasi kilichopo, akitangaze, kisha atume fedha kwa simu palepale baada ya kuhakikisha jina lililosajiliwa kwenye namba. Makato ya kutuma yalipwe na kamati. Mshindi asaini karatasi inayosema mambo mawili: kwamba fedha hizi si mkopo, na kwamba kazi pamoja na hakimiliki yake ni mali ya msanii. Sharti la pili lisidharauliwe, maana hakosekani mchangaji atakayedai achorewe picha ya bure kwa vile «alimchangia». Wale watatu waliokosa waruhusiwe kuomba tena, na kwa idhini yao mawasiliano yao yabandikwe ukutani, kwa kuwa aliyemo ukumbini anaweza kuwa na chumba au mashine wanayoihitaji.

Hatua ya sita: pokeeni taarifa

Mlo unaofuata uanze na mshindi aliyepita, kwa dakika tano, akionyesha kazi hata kama haijakamilika na kusoma matumizi yake. Msidai risiti ya kila kitu, kwani si kila fundi mbao wa Keko hutoa risiti. Daftari lenye tarehe, kitu na bei linatosha. Asipofika, kamati itaje mradi na kiasi alichopewa, iandike hivyo katika kumbukumbu, kisha iwakaribishe wasanii wa jioni hiyo.