Picha ina ukungu? Mambo ya kuzingatia kabla hujafungua lenzi ya projekta ya zamani

Weka bisibisi chini. Lenzi ndiyo kitu cha mwisho kufungua kwenye projekta ya filamu, na mara nyingi haina kosa lolote.

Majaribio yafanye kwa kipande cha filamu kisicho na thamani. Usijaribie mashine mbovu kwa filamu pekee ya harusi ya wazazi wako.

Safisha lenzi mbele na nyuma. Nyuma ndiko watu husahau, na ndiko mafuta ya mashine hurukia. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute polepole kwa kitambaa cha lenzi. Asetoni isisogee hapo kabisa, maana inakula rangi, plastiki na hata gundi inayoshikanisha vioo.

Projekta iitazame skrini moja kwa moja. Ikikaa mshazari, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na wa pili utafifia, hata lenzi ingekuwa mpya.

Kagua filamu yenyewe. Ya asetati (aina ya plastiki) ikianza kuoza hunuka siki, husinyaa na kujikunja. Filamu iliyojikunja hailali bapa, kwa hiyo ukilenga katikati, yaani ukisogeza lenzi mpaka picha iwe kali hapo, kingo zinapotea. Na kama umeunganisha vipande vya asili na nakala kwenye rili moja, huenda upande wenye dawa, yaani tabaka linalobeba picha, unatazama lenzi kwenye kipande kimoja na taa kwenye kingine. Hapo utalazimika kulenga upya kila kiungo kinapopita.

Sasa lango la filamu, pale filamu inapopita kati ya taa na lenzi. Hapa nakuomba usiharakishe. Rafiki yangu alipata projekta ya milimita 16 ambayo upande wa kulia wa picha haukukubali kulengwa. Akaamini lenzi imekufa. Akafungua pete ya mbele, akamimina vioo na vile vipete vya kutenganisha juu ya meza, akavisafisha vizuri sana, akavirudisha. Picha ikawa mbaya zaidi: katikati wazi, kingo zote ukungu. Kioo kimoja kilikuwa kimerudi kichwa chini. Akafungua tena, akageuza, akafunga, akafungua, mpaka hakuna aliyejua tena kipete kipi kilitangulia kipi.

Aliponiita, nilifungua lango na kumulika kwa tochi ya pembeni. Juu ya reli moja, kati ya zile ambazo filamu huteleza juu yake, kulikuwa na kinundu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya ulezi, kigumu mno. Ni dawa ya filamu iliyokwanguka miaka mingi na kugandia pale. Kila fremu ilipopita, kinundu kile kiliinyanyua upande mmoja. Sehemu moja ya kumi ya milimita inatosha kabisa kuharibu picha. Tulikilainisha kwa pamba yenye maji kidogo, tukakikwangua kwa kijiti cha mbao. Upande wa kulia ukapona palepale. Kingo hazikupona, na lenzi ile ilikuwa nzima kabla ya kuguswa. Bado inaniuma.

Kwa hiyo safisha reli, bati la kukandamiza filamu na springi zake za pembeni. Tumia mti au plastiki, kamwe si chuma, kwa sababu mkwaruzo kwenye reli utachora kila filamu utakayopitisha baadaye.

Kama lenzi yako huzunguka ndani ya kishikio chake, izungushe nusu duara kisha ulenge upya. Ukungu ukihama nayo, kosa ni la lenzi. Ukibaki palepale, tafuta kwenye lango au jinsi mashine ilivyokaa. Jaribio hili dogo lingemwokoa rafiki yangu.

Ukiona maandishi meupe yana mikia kwenda juu au chini, usihangaike na kulenga: shata, kile kizibo kinachoziba mwanga filamu inaposogea, haiendi kwa wakati mmoja na mwendo wa filamu. Picha ikianza vizuri kisha ikapotea, huenda filamu inapinda kwa joto la taa, au lenzi imelegea na inasogezwa na mtikisiko.

Lenzi inapokuwa kweli na tatizo, tochi itakuonyesha: nyuzinyuzi za kuvu ndani, au mng'ao wa rangirangi ukingoni ambako gundi imeachia. Mpelekee fundi wa lenzi. Ukiamua kuifungua mwenyewe, piga picha kila hatua na uweke alama ya penseli ukingoni mwa kila kioo kuonyesha upande unaotazama skrini.

Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Usisimamishe filamu mbele ya taa inayowaka ili upate muda wa kulenga, labda mashine iwe imetengenezwa kwa hilo. Na filamu ya milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950 inaweza kuwa ya nitrati, inayoshika moto upesi mno. Hiyo isiingie kwenye projekta ya nyumbani hata kwa majaribio.