Kabla hujabonyeza apgredi: mambo ya kuzingatia ili brauza isije ikakufia mkononi

Watu wengi wanaoleta laptopu wakisema "brauza imeharibika", ukiwauliza swali la pili utasikia kumbe juzi walifanya apgredi ya sistimu nzima, ilikua Windows 10 sa hivi ni 11, au ilikua Ubuntu 20.04 (Ubuntu ni aina ya Linux) sasa ni 22.04, na tangu hapo ukifungua brauza inakaa kidogo alafu inajifunga yenyewe bila hata kukwambia kwa nini. Basi wanaanza kuifuta na kuinstoo upya, kufuta na kuinstoo upya, na inazidi kukufa vilevile. Mara nyingi brauza yenyewe haina kosa, kilichobadilika ni vitu vilivyo chini yake: draiva ya grafiki (programu inayoendesha chipu ya picha), laibrari za sistimu, antivairasi, hata folda inamokaa profaili yako, yaani vitu vyako vyote vya kwenye brauza. Na kazi kubwa ya kutatua hii shida inafanywa siku mashine bado ni nzima, maana vitu utakavyohitaji kutafutia ugonjwa ndo hivohivo ulitakiwa uviandae mapema, na ukishachelewa hakuna pa kuvitoa.

Tuanze na tarehe. Kama ritani za URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, unazifanyia kwenye hio laptopu, VAT na PAYE zinatakiwa ziwe zimeingia kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, sasa mtu anaanzisha apgredi tarehe 13 jioni ili iweje? Ngoja 16. Alafu angalia units za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, zimebaki ngapi, usicheke, apgredi inaweza kukata masaa na betri ya laptopu ya mtumba haiwezi kukubeba hata nusu saa, umeme ukizimika katikati ya kuandika mafaili ya sistimu hapo hatuongei tena habari za brauza. Data nayo ni gigabaiti kadhaa, na tangu Julai 2021 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 12 juu ya data kila mtu anajua bando linauma, kwa hio pakua kwa waifai ya mahali unapopaamini, au usiku kama mtandao wako una bando la usiku.

Cha pili, jua mashine yako ni nani. Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hio watu wengi wanakimbilia 11, lakini 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), RAM gigabaiti 4 kwenda juu, na diski ya gigabaiti 64 kwenda juu. Laptopu nyingi tunazouziwa mjini hapa zilitumika ofisini Uingereza huko miaka na miaka, hazina sifa hizo, na fundi anakwambia "usijali bosi, kuna njia ya kupita", na kweli njia ipo na Windows 11 inaingia vizuri tu. Shida inakuja baadae, kampuni iliyotengeneza chipu ya grafiki iliacha zamani kutoa draiva za hio chipu, Windows inaweka draiva ya kubahatisha, na programu ya kwanza kulalamika ni brauza kwa sababu brauza za siku hizi zinachora kila kitu kwa kutumia hio chipu, video, ramani, hata kusogeza ukurasa tu. Mimi mtu akinipa mashine ya hivo namwambia wazi abaki alipo au aweke Linux, kulazimisha si ushujaa. Kama mashine inakubali, ingia kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, andika modeli ile iliyo kwenye stika ya chini, pakua draiva ya grafiki ya hio sistimu mpya uiweke kwenye flashi kabla ya yote. Ukikuta draiva ya hio sistimu haipo, ushapata jibu lako.

Wenzetu wa Ubuntu wana jambo lao. Ile 20.04 huduma yake ya kawaida iliisha Mei 2025 kwa hio kuhama ni lazima, lakini ukienda 22.04 ile Firefox uliyoizoea inaondolewa na mahali pake inakuja ya snap (namna nyingine ya Ubuntu ya kufunga programu), na profaili inahamia kwenye snap/firefox/common/.mozilla/firefox ndani ya folda yako, zamani ilikua .mozilla/firefox. Mara ya kwanza kuifungua inakopi vitu vyako kutoka kule kuja huku, sasa kama diski imejaa ndo unaona inakwama, na mtu anadhani imekufa anaiua katikati, hapo profaili inabaki nusu. Toa nafasi kwanza, na ikifunguka polepole siku ya kwanza iache. Kingine, wakati wa kuapgredi Ubuntu inazima repo za pembeni, yaani maghala ya programu yasiyo ya Ubuntu yenyewe kama zile PPA ulizoongeza mwenyewe, kwa hio brauza uliyoipata kwa PPA inabaki ya zamani juu ya sistimu mpya na haipati apdeti yoyote mpaka uiwashe repo tena kwa mkono wako. Andika kwenye karatasi una repo gani.

Sasa kuhusu profaili, hapa naomba usiharakishe. Profaili ndo maisha yako ya mtandaoni, alamisho, historia, paswadi, na ndo pia inayoharibika mara nyingi kuliko brauza yenyewe. Kwenye Firefox andika about:support pale juu inapoandikwa anwani, itakuonyesha folda ya profaili, funga brauza kabisa kisha kopi folda nzima kwenye flashi. Ndani yake kuna places.sqlite ambayo ni alamisho na historia, na kuna logins.json na key4.db ambazo zinaenda pamoja, ukibeba moja ukaacha nyingine paswadi hazifunguki. Na bakapu iwe ya KABLA ya apgredi, kwa sababu tangu Firefox 67 ya mwaka 2019 profaili ikishafunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani linaikataa, kwa hio ukisema utarudi nyuma na profaili ileile utagonga ukuta.

Chrome ni tofauti kidogo, chrome://version inakuonyesha folda iko wapi lakini kwenye Windows paswadi zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows, ukikopi folda ukaipeleka kwenye mashine nyingine alamisho utaziona ila paswadi hapana. Ama uwashe kusinki kwa akaunti yako, ama utoe paswadi kwa faili la CSV. Hio CSV ni maandishi matupu jamani, mtu yeyote akiifungua anasoma kila kitu, usiiache kwenye flashi ile unayopeleka Nasser Road kuprintia. Na laini ya simu inayopokea zile namba za siri za kuingilia iwe hewani na iwe mkononi mwako, sio ile laini ya zamani aliyo nayo mdogo wako huko Arua, maana brauza ikianza upya kila tovuti itakuuliza wewe ni nani.

Brauza ya pili. Wengi wanaona ni kujaza mashine bure, mimi naona ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye hii orodha. Ya kwanza ikikufa, utapakulia nini dawa? Lakini faida kubwa ni ya kupima: baada ya apgredi ukifungua zote mbili, ikikufa moja tu basi shida iko kwenye hio brauza au profaili yake, zikikufa zote mbili shida iko chini, draiva au RAM au antivairasi, na hapo umeshaokoa nusu siku ya kubahatisha. Iweke mapema na uifungue mara moja uone inafanya kazi, na faili lake la kuinstoo lile zima la bila intaneti liwepo kwenye flashi.

Ekstensheni sasa, vile vidude vya kuongezea kwenye brauza. Hapa Uganda kuna moja ambayo karibu kila mashine inayo, VPN, ya kupitia njia nyingine kufika kwenye tovuti iliyofungwa, kwa sababu Facebook imefungwa tangu Januari 2021 na watu hawajaacha kuitaka. Nyingi ni za bure, nyingine waliozitengeneza wameshaziacha. Kuna Hajati mmoja wa vitenge pale Kisenyi, brauza yake ilikua inafunguka, unaona ukurasa mweupe, kile kidude cha VPN pale juu kulia kinageuka kijani, na hapohapo dirisha lote linapotea. Tukatengeneza profaili mpya isiyo na kitu, ikakaa, tukafungua Gmail ikakaa, video ikacheza. Nikamuuliza, "Hajati, hii VPN bado unaitumia?" akanijibu, "Hio ni ya Facebook mwanangu, usinitolee." Tukaitoa tukaweka nyingine inayokaa nje ya brauza. Kwa hio kabla ya apgredi pita kwenye ekstensheni zako zote, ambayo huikumbuki ni ya nini itoe, zinazobaki zizime, utaziwasha moja moja baadae. Kuziwasha zote kwa mpigo ni kurudi palepale.

Antivairasi usiisahau. Oktoba 2019 Chrome 78 ilipotoka, watu wa maofisini waliokua na matoleo ya zamani ya Symantec Endpoint Protection waliona kila ukurasa unakufa, hata ukurasa wa mipangilio ya Chrome yenyewe, kwa sababu Chrome ilianza kukataa programu za watu wa nje kujichomeka ndani yake. Dawa ilikua kuapdeti antivairasi. Basi na wewe iapdeti kabla, na kama ni ile ya majaribio iliyoisha muda wake ikabaki inaning'inia tu, iondoe.

Haya, umejiandaa, umeapgredi, na bado inakrashi. Usifute chochote kwanza. Zima mashine uwashe tena, draiva nyingine zinamalizikia hapo. Angalia apdeti zilizobaki. Alafu tazama kinachokufa ni nini hasa, tabo moja au brauza nzima, maana tabo moja ikikufa na nyingine zinaendelea mara nyingi ni huo ukurasa au RAM imeisha, kwenye Chrome ya Windows bonyeza Shift na Esc, kwenye Firefox andika about:processes, utaona nani anakula. Mtu mwenye RAM gigabaiti 4 na tabo arobaini kwenye Windows 11 asitafute mchawi.

Ikiwa ni brauza nzima, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hili ndo watu hawana subira nalo. Chrome ifungue kwa dirisha la faragha, huko ekstensheni zinakua zimezimwa isipokua uliyoiruhusu mwenyewe. Firefox shikilia Shift ukiifungua itakuuliza kama iingie kwenye hali ya kutafuta tatizo, ila jua hali hio inazima ekstensheni na matumizi ya chipu ya grafiki kwa pamoja, kwa hio ikikaa vizuri humo bado hujajua mwenye kosa ni yupi kati ya hao wawili. Hapo jaribu profaili mpya kwa about:profiles, ikikaa, kosa ni la profaili au ekstensheni. Ikikufa hata kwenye profaili mpya, nenda kwenye mipangilio uzime ile swichi ya kutumia hadiwea kuharakisha, uanzishe tena. Ikipona kwa hio, kosa ni la draiva, toa ile uliyoiweka kwenye flashi, iinstoo, kisha urudishe swichi kama ilivyokua, kwa sababu ukiiacha imezimwa video zitaila prosesa na mashine itakua moto kama sigiri. Ripoti za kukrashi ziko about:crashes au chrome://crashes, tarehe na saa zake zinakusaidia kujua ulikua unafanya nini. Na kama sio brauza peke yake, hata Word inajifunga na mashine inajirestati, acha brauza, pima RAM kwa programu ya memtest86 usiku kucha.

Na kabla hujajisumbua sana uliza na wa jirani. Tarehe 13 Januari 2022 Firefox duniani kote iligoma kufungua kurasa, na Machi 2021 apdeti ya WebView, kile kipande cha Android kinachoonyesha kurasa za mtandao ndani ya apu, iliangusha apu za simu za Android kila mahali, Gmail ikiwemo, watu wakaanza kuriseti simu zao wakapoteza picha bure, wakati suluhisho lilikua apdeti nyingine ya WebView na Chrome iliyokuja muda si mrefu. Ikianza kwa wote siku moja, kaa utulie.

La mwisho ni mlango wa kurudi. Windows ikiapgredi inaweka ile ya zamani kwenye folda ya Windows.old na inakupa siku 10 za kurudi, zikipita inaifuta yenyewe, na ukiifuta mwenyewe ili upate nafasi umeufunga mlango. Kwa hio ndani ya hizo siku fungua kila unachokitumia kweli, URA, benki, ile tovuti ya shule ya watoto, printi hata karatasi moja kutoka kwenye brauza, piga simu moja ya video. Ubuntu haina kurudi kwa namna hio, huko bakapu yako ndo mlango wenyewe.