Jinsi ya Kutoa Ruhusa ya Kutumia Maandishi Yako kwa Leseni Huria

Mwalimu wa Kisumu aliyetunga hadithi za watoto kuhusu wavuvi wa Dunga ana hakimiliki tangu alipoziandika, hata kama hajazisajili popote, na kwa sheria ya Kenya haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa sababu hiyo, kuziweka mtandaoni pekee hakumpi mwalimu wa Kakamega ruhusa ya kuzitafsiri. Ruhusa lazima itamkwe, na njia nyepesi ni kuchagua mojawapo ya leseni sita za Creative Commons (CC), shirika linaloandaa leseni huria zinazowaruhusu wengine kutumia kazi yako kwa masharti unayoyachagua, toleo la 4.0, lililotolewa mwaka 2013.

Hakikisha kwanza kwamba kazi ni yako. Ikiwa ulimkabidhi mchapishaji haki zote, au michoro ni ya mtu mwingine, huwezi kuitolea leseni peke yako.

Leseni zote sita zinadai mwandishi atajwe, na ile ya BY haidai zaidi ya hapo. Herufi SA humlazimu anayeibadilisha kazi kuitoa kwa leseni iyo hiyo, kama ilivyo kwa makala za Wikipedia; NC huzuia matumizi ya kibiashara. Tatizo liko kwenye ND, inayozuia kusambaza kazi iliyobadilishwa. Waandishi wengi huichagua wakihofia maneno yao kupotoshwa, wakasahau kwamba tafsiri nayo ni mabadiliko: hadithi yenye ND haiwezi kusambazwa kwa Kidholuo wala Kiluhya bila idhini yako. Kwa vitabu vya watoto wa eneo letu, mimi naona hasara hiyo ni kubwa kuliko hofu yenyewe.

Tafakari kabla ya kuitangaza, kwa kuwa leseni hizi hazibatilishwi. Unaweza kuacha kuisambaza kazi, lakini aliyekwisha kuipata ataendelea kuitumia alimradi anatimiza masharti.

Ukiridhika, andika kwenye ukurasa wa hakimiliki, ndani ya faili yenyewe: “© 2025, jina lako. Kazi hii imetolewa kwa leseni ya CC BY 4.0,” kisha uweke kiungo cha leseni. Picha isiyokuwa yako itaje kando kuwa haimo kwenye leseni hiyo.

Ukichagua NC, mchapishaji wa Nakuru anayetaka kuuza nakala bado anaweza kukuomba, nawe ukampa ruhusa ya pekee kwa malipo. Ruhusa hiyo iandikwe, itiwe saini, na itaje idadi ya nakala na muda wake.